Udongo Mwekundu wa Ruiru na Kahawa Yake

Mtu atokaye Nairobi kwenda Thika kwa barabara kuu huupita mji wa Ruiru, na baada ya kitambo kidogo hufika mahali paitwapo Kimbo. Abiria wengi hawageuzi hata shingo. Waonacho ni nyumba za ghorofa za kupangisha, vibanda vya mboga, maduka ya saruji na mabati, na vijana wa pikipiki wakingojea wateja. Hapana jambo kubwa la kumshusha msafiri garini. Lakini yule atakayeshuka baada ya mvua, akavitazama viatu vyake, ataona habari yote ya nchi ile imeandikwa kwenye nyayo. Matope ya upande wa milimani ni mekundu. Akigeuka kuelekea mashariki, kwenye mbuga za Athi, wekundu huo hufifia; changarawe na mwamba huanza kujitokeza, na mbele zaidi huja udongo mweusi unaonata mguuni kama ulimbo.

Kimbo iko karibu na mpaka wa tabia hizo mbili za ardhi. Upande wa magharibi nchi hupanda pole pole kuelekea Gatundu na milima ya Nyandarua, ambayo katika ramani za zamani iliitwa Aberdare. Upande wa mashariki hushuka hata kwenye mbuga zilizo chini ya Kilimambogo. Katikati ya baridi ya juu na joto la chini umelala ukanda wa ardhi wenye urefu wa kama meta 1,500 hadi 1,800 juu ya bahari, na ukanda huo ndio uliolipatia jina la Kenya sifa yake katika vikombe vya watu wa Ulaya na Amerika. Nchi hii ni nchi ya kahawa, ingawa siku hizi mgeni aweza kupita asione hata mbuni mmoja.

Udongo mwekundu wa Ruiru haukuletwa na mito. Ni mwamba uliooza pale pale ulipo. Zamani sana, Bonde la Ufa lilipokuwa likifanyika, volkano zilimwaga moto na majivu mengi upande huu wa mashariki. Kote ambako mvua ilikuwa ya kutosha na mteremko uliyaruhusu maji kupita, mwamba ule ulioza kwenda chini meta nyingi. Maji yalichukua madini mengi mepesi na kuacha chuma. Chuma kikashika kutu, na kutu hiyo ndiyo rangi tuionayo. Mahali palipokuwa tambarare, maji yakatuama, ulifanyika udongo mweusi ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Na mahali ambapo majivu yaligandamana yakawa magumu, yakapatikana mawe mazuri ya kuchonga. Mawe ya Ndarugu, ambayo yamejenga kuta nyingi za Nairobi na miji iliyo karibu, ni ndugu wa udongo wa kahawa. Baba yao ni mmoja.

Wakulima hawakuhitaji kusoma elimu ya miamba ili kuitambua ngazi hii ya ardhi. Mazao yenyewe yaliionyesha. Juu kabisa, kwenye ukungu wa Limuru, chai ilipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1903 ikastawi, na huko ndiko ilikobaki. Chini ya chai huja kahawa. Chini ya kahawa, kuzunguka Thika na kuendelea mbele, ni mananasi na mkonge, na mwisho ni malisho ya ng'ombe. Aliyejaribu kuiruka ngazi aliona matokeo yake. Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyefika mwaka 1914, alilima kahawa karibu na milima ya Ngong, mahali palipokuwa juu mno na pakavu mno kwa zao hilo. Alikuwa na shamba kubwa, vibarua wengi na mashine, lakini mwaka 1931 shamba likauzwa. Akaandika kitabu mashuhuri sana juu ya shamba hilo. Kahawa yenyewe haikupata umashuhuri huo.

Fadhili ya udongo mwekundu ni hii: ni wa mfinyanzi, lakini haushikamani kama mfinyanzi wa chungu. Ukiuponda mkononi humeguka vipande vidogo vinavyong'aa. Maji hupita bila kutuama, na hata hivyo mengine hubaki chini kama akiba. Mizizi ya mbuni huweza kushuka zaidi ya meta tatu kuitafuta akiba hiyo katika miezi ya kiangazi. Ukanda huu hupata mvua za aina mbili, mvua ndefu za Machi hata Mei, na mvua fupi za Oktoba hata Desemba. Na kati yake kuna jua la Januari na Februari, na mawingu baridi ya Julai na Agosti. Mti usio na mizizi mirefu ungeteseka. Mbuni husubiri. Kisha mvua za kwanza zikinyesha baada ya ukame, haipiti hata wiki mbili matawi hufunikwa na maua meupe yenye harufu kama ya asumini, nayo huanguka baada ya siku chache tu. Kwa sababu mvua ni mbili, maua ni mara mbili na mavuno ni mara mbili: machache ya kati ya mwaka, na mengi ya Oktoba hata Desemba.

Udongo huu una ubahili wake pia. Una asidi, na huishika mbolea ya fosfati kwa nguvu hata mti ukose sehemu kubwa ya ile aliyolipia mkulima. Jua kali likiupiga ukiwa uchi hupoteza unyevu wake upesi, na mvua ikiupiga mtelemkoni huondoka nao. Ndiyo maana mkulima mwenye akili huutandika nyasi kavu, hasa mabingobingo, katikati ya mistari ya mibuni. Anayetaka kujua kama shamba linatunzwa asitazame majani kwanza. Ainame atazame chini.

Mbegu ya kahawa yenyewe ilifika kwa njia ndefu ya kushangaza. Asili ya kahawa hii ni misitu ya Uhabeshi, nchi iliyo jirani na Kenya kabisa, wala mtu hakuhitaji chombo cha bahari kuifuata. Lakini haikuja kwa njia hiyo. Ilivuka kwanza kwenda Yemen. Kutoka Yemen Wafaransa wakaipeleka katika kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa huitwa Réunion. Na kutoka huko ikazaa ukoo ambao wamisionari walikuja nao Afrika Mashariki. Mwaka 1893 ilipandwa Bura katika nchi ya Taita, na kabla karne haijaisha Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa nayo kwenye misheni yao ya St. Austin's, karibu na Nairobi. Toka hapo ilisambaa Kiambu, Ruiru na Thika. Reli ilipofika Thika mwaka 1913, mashamba makubwa ya masetla yalikuwa yameanza kuifunika nchi, mto hata mto.

Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo vitabu vya zamani vililipitia kwa haraka. Mashamba yale yalikuwa ya Wazungu, lakini mikono ilikuwa ya Waafrika. Mwafrika alipanda, alipalilia, alipogoa, alichuma, alimenya na kuosha. Ila kwa miaka mingi hakuruhusiwa kuwa na mbuni wake mwenyewe. Sababu zilizotolewa zilikuwa magonjwa, wizi na kuharibika kwa sifa ya kahawa ya Kenya. Sababu nyingine, ambayo haikutangazwa sana, ni kwamba mtu mwenye kahawa yake nyumbani hana haja ya kwenda kuchuma ya mwingine. Katika miaka ya 1930 ruhusa ilitolewa kidogo kidogo, tena mbali na mashamba ya masetla, huko Meru, Embu na Kisii. Katika nchi ya Wakikuyu ilingojewa hata mwanzo wa miaka ya 1950, na mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango kwa upana.

Mlango ulipofunguliwa, walioingia hawakuwa wanafunzi. Mtu aliyekuwa amepogoa mibuni ya bwana wake Ruiru kwa miaka kumi alirudi kwao Gatundu au Murang'a akiwa na ujuzi mkononi, na jirani zake walijifunza kwake kuliko walivyojifunza kwenye karatasi. Hivyo ndivyo desturi ya kahawa ya nchi hii ilivyopatikana. Si desturi ya mababu wa kale, wala haikuletwa tayari kutoka Ulaya. Ni desturi ya kibarua aliyeichukua kazi ya shamba kubwa akaipandisha mlimani hadi kwenye shamba la ekari moja.

Desturi hiyo yaonekana zaidi siku ya kuchuma. Mchumaji hatakiwi kukamua tawi lote kwa mkono mmoja kama inavyofanywa katika nchi nyingine. Huchagua tunda lililoiva, jekundu, na kuliacha la kijani lingoje zamu yake. Kwa hiyo mti mmoja hurudiwa mara nyingi katika msimu mmoja. Malipo yake huhesabiwa kwa debe. Kabla kahawa haijapimwa, humwagwa chini juu ya turubai au magunia, na mchumaji mwenyewe huketi kuondoa mbichi, kavu na zilizoumwa na wadudu. Kazi hii huchosha kuliko kuchuma kwenyewe, maana hufanywa alasiri mgongo ukiwa tayari umechoka, na ndiyo ambayo mgeni haioni. Kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake bila kuoshwa huitwa "mbuni" katika soko la Kenya, nayo huuzwa kwa bei ya chini. Hivyo neno lile lile ni jina la mti mzuri na jina la kahawa iliyoshindwa.

Matunda mazuri humenywa siku hiyo hiyo. Kisha punje, zikiwa bado na utelezi, hulazwa katika matangi ya saruji zichachuke kwa siku moja au mbili kufuatana na baridi ya mahali. Mwangalizi hodari hatazami saa tu. Hutia mkono, akasugua punje chache. Zikikwaruza kama kokoto, utelezi umekwisha. Baada ya hapo huoshwa katika mifereji, zile nzito zikizama na nyepesi zikielea, halafu huko Kenya nyingi hulowekwa tena katika maji safi, mara nyingi kwa usiku kucha na mchana wake. Mwisho hutandazwa juu ya meza ndefu za wavu, hugeuzwa kila mara, hufunikwa jua likizidi na mvua ikitisha, hata zikauke baada ya wiki mbili au zaidi. Kwa kawaida kilo sita au saba za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi.

Maji mengi kiasi hicho hayapatikani juu ya mgongo wa kilima. Ndiyo maana viwanda vya kahawa vya wakulima viko mabondeni, kando ya mito. Jambo hili liliingiana vizuri na desturi ya zamani ya Wakikuyu, ambao ardhi ya ukoo ilishuka kama utepe kutoka mgongo wa kilima hata mtoni: nyumba juu, mashamba mtelemkoni, nduma na ndizi chini penye unyevu. Kahawa ilichukua mtelemko, kiwanda kikachukua kando ya mto, na njia ya kubebea matunda ikawa ile ile ya akina mama kwenda kuteka maji. Mzigo ulishuka badala ya kupanda, nayo ni nafuu kwa mbebaji.

Ruiru ina sifa nyingine ambayo Gatundu haina. Mwaka 1944 serikali ilinunua shamba lililoitwa Jacaranda, na huko kikajengwa kituo cha uchunguzi wa kahawa kilichofunguliwa mwaka 1949. Kabla yake, katika miaka ya 1930, wataalamu wa Scott Laboratories huko Kabete walikuwa wamekusanya miti iliyoonekana bora kutoka mashamba mbalimbali, wakaipa namba. Namba mbili kati ya hizo zimekuwa kama majina ya watu mashuhuri. SL34 ilitokana na mti mmoja wa shamba la Loresho, Kabete. SL28 ilitokana na kahawa ya Tanganyika iliyosifiwa kwa kustahimili ukame, nayo ikakuta katika udongo mwekundu wa kina kitu ilichokuwa ikikitafuta. Waonjaji wa nchi za nje husema kahawa hiyo ina uchachu mtamu kama wa matunda madogo meusi ya Ulaya. Mwenyeji wa Ruiru, ambaye kwa kawaida hunywa chai ya maziwa, huenda asilione tunda hilo maisha yake yote.

Lakini SL28 ina adui. Ugonjwa wa chulebuni, ambao ni kuvu inayoozesha matunda yangali mabichi, uliandikwa kwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1922, na mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye mvua nyingi, ulifanya maangamizi makubwa. Mkulima akalazimika kupiga dawa tena na tena, na gharama ya dawa ikamla faida. Wachunguzi wa Ruiru walianza kazi ya kuzalisha mbegu mpya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11, mti mfupi unaostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mwaka 2010 wakatoa Batian. Wapo waonjaji ambao bado huona kikombe cha SL28 kuwa ndicho bora, na wapo wakulima wanaojibu kwamba ladha isiyovunwa haiuziki. Wengine wamepata njia ya katikati: hukata mti wa zamani na kuunganisha kikonyo cha Ruiru 11 juu yake, ili mizizi mirefu ya mzee imlishe kijana asiyeugua. Huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote, na haukuhitaji kumfukuza mmoja ili kumpokea mwingine.

Mfano wa nchi hii waweza kuonekana mbali, kusini mwa Italia, katika jimbo la Campania lenye mlima wa moto wa Vesuvio. Huko nako ardhi imelishwa na majivu ya volkano, na zabibu nyeusi iitwayo Aglianico imelimwa kizazi baada ya kizazi. Divai ya kijiji cha Taurasi na vijiji vilivyokizunguka huuzwa kwa jina la kijiji, na tangu mwaka 1993 sheria yao kali kabisa ya divai inalilinda jina hilo: asiyelima mahali pale, kwa mzabibu ule, na kuihifadhi divai kwa muda ulioamriwa, hawezi kuliandika kwenye chupa. Kahawa ya Ruiru haikupewa ulinzi wa namna hiyo. Huuzwa kwa ukubwa wa punje, AA kwa zile kubwa, AB kwa zinazofuata, PB kwa zile za mviringo ambazo hukua peke yake ndani ya tunda. Na sehemu kubwa huchanganywa ng'ambo na kahawa dhaifu ili kuzipa nguvu. Ajabu ni kwamba ulimwengu wa kahawa unalijua jina la Ruiru, lakini kwa ajili ya mbegu, si kwa ajili ya ardhi.

Na ardhi hiyo sasa inatakiwa na watu wengine. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, mtu aliweza kufanya kazi Nairobi na kulala Ruiru, Kimbo au Juja. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta mjini Ruiru watu kama 240,000. Ile ya mwaka 2019 ikakuta 490,000. Watu hao lazima walale mahali. Mji mpya wa Tatu City, ulioanzishwa mwaka 2010, umejengwa kwenye ardhi iliyokuwa ya kahawa, na mashamba mengine yamekatwa viwanja vidogo vidogo vya robo na nusu robo ya ekari. Kahawa ya Kenya, iliyofika karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, katika miaka ya karibuni haijafika nusu ya hiyo.

Mtu angedhani mjenzi angechukua ardhi mbaya na kumwachia mkulima iliyo nzuri. Sivyo, na sababu iko kwenye udongo wenyewe. Udongo mweusi wa mbuga huvimba na kunywea, hupasua kuta, na fundi hulazimika kuuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Udongo mwekundu hutulia chini ya nyumba, na maji hayatuami mlangoni. Kile kinachoufaa mzizi wa mbuni ndicho kinachoufaa msingi wa ghorofa. Mjenzi na mkulima wanagombea kipande kile kile, na mjenzi hulipa siku ya kuandikiana, ilhali mkulima wa kahawa hukabidhi matunda yake kiwandani akangoja miezi mingi kujua atapewa shilingi ngapi kwa kilo. Si haki kumwita mjinga yule anayeuza. Zamani sheria ilimkataza baba yake kupanda kahawa. Baadaye ikamkataza kuing'oa bila ruhusa. Hakuna sheria iliyompa bei.

Hata hivyo hasara ipo, nayo si ya mwenye shamba peke yake. Nyumba yaweza kubomolewa na kujengwa tena. Udongo ukifunikwa kwa saruji na lami haulimwi tena, na meta zile za wekundu zilizofanyika kwa kuoza kwa mwamba haziletwi kwa lori. Serikali za wilaya na sasa za kaunti zimekuwa zikigawa ardhi kwa kutazama ramani ya barabara. Ingefaa ramani ya udongo nayo ilazwe mezani, tena iwe ya kwanza.

Kituo cha Ruiru bado kipo, na tangu mageuzi ya mwaka 2014 kimo ndani ya shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo. Pande zake mji unasogea. Ndani mna vitalu vya miche, mistari ya mibuni ya majaribio, na mkusanyo wa miti ya kahawa ya namna nyingi iliyotoka nchi mbalimbali, ambayo ni hazina ya kuzalishia mbegu za baadaye. Mwezi wa Novemba, kilometa chache magharibi mwa Kimbo, kwenye miteremko ya Gatundu, wachumaji huanza kazi umande ungali kwenye majani. Kufikia alasiri madebe hupangwa mistari mbele ya kiwanda cha mtoni, karani hufungua daftari, na kila mmoja huketi chini na fungu lake, akitoa za kijani moja moja.